Loki Zilizojiachia Zenyewe

Hasira ilimpanda Dada Mkubwa kabla hata hajafungua mlango wa gari. Homa ilikuwa imemlaza kitandani juma zima, na sasa, miguu bado haina nguvu, aliinama penye gurudumu la mbele akaona kitu kigeni kinang'aa kama kijiko kipya. Zile loki kuukuu za chuma, ambazo kila penye tope alishuka na kuzizungusha kwa mkono ili magurudumu ya mbele nayo yavute, hazikuwapo.

"Nani amegusa gari langu?"

Mdogo wake, aliyeachiwa pamoja naye kiwanda cha mbao na marehemu baba yao, alitoka ofisini akitabasamu. "Gari letu, dada. Nimekuwekea loki za kujifunga zenyewe. Unavuta gia tu, umetulia kitini kama bibi harusi. Watu walikuwa wanatucheka, kila mara unashuka kuinamia gurudumu kama mtu anayefungua bomba."

"Za zamani ziko wapi?"

"Nimempa yule dereva wa mchanga. Alizipapatikia."

"Hizi ukirudi nyuma zinajiachia. Na aliyenasa hutoka kwa kwenda mbele na kurudi nyuma. Uliuliza hilo, au ulitazama mng'ao tu?"

"Na wewe, dada, huishi kulalamika."

Dada Mkubwa aliingia garini, akaubamiza mlango.

Haukupita muda, mvua kubwa ikanyesha usiku kucha. Asubuhi yake msumeno ukampata mjomba wao, aliyewafundisha wote wawili kupasua mbao. Kiganja kilipasuka vibaya. Mdogo mtu alikaza kitambaa juu ya kifundo cha mkono kuzuia damu, wakampakia, na Dada Mkubwa akaishika njia ya hospitali, gari likirukaruka kama mbuzi aliyekata kamba.

Bondeni likanasa. Alivuta gia, magurudumu ya mbele yakashika, gari likajikongoja kidogo na kusimama. Akarudi nyuma ili apate nafasi ya kulisukuma kwa kishindo. Papo hapo akasikia mlio mdogo chini: loki zimejiachia. Magurudumu ya nyuma yakabaki kusaga tope peke yake. Akienda mbele zinashika, akirudi zinaachia, na kila jaribio gari lilizidi kudidimia, hata tope likagusa milango.

"Shuka ufunge loki," mdogo wake alisema kwa mazoea. Kisha akatambua alichosema, akainamisha kichwa.

"Nikafunge nini? Nenda wewe kazibembeleze, labda zitakusikia."

"Msigombane mbele yangu," mjomba alisema. Midomo yake ilikuwa imekauka.

Walimbeba kwa zamu, tope likiwafika magotini. Walipofika hospitali jua lilikuwa limeshapinduka, na daktari alipofungua kile kitambaa alitikisa kichwa. "Bila hiki angekwisha damu. Lakini kimekaa mno. Vidole hivi vimekufa."

Mdogo mtu aliegemea ukuta wa ukumbini. "Dada, mimi nilitaka upumzike."

"Ulitaka uonekane. Ulingoja nilale na homa kwa sababu ulijua nikiwa mzima nitakukatalia."

Kesho yake mdogo mtu alimwendea dereva wa mchanga, akaambulia kicheko. "Zimenitoa bondeni jana hiyohiyo, nikurudishie leo?"

Ilibidi watafute kwa mafundi wa mbali hadi wakapata nyingine kuukuu, za kuzungusha kwa mkono. Mdogo mtu alizifunga mwenyewe, amepiga magoti, dada yake amesimama nyuma yake, hasira haijapoa hata chembe. Mjomba alikuwa ameketi kando, mkono wenye bandeji juu ya paja, akiusikiliza msumeno ambao sasa uliendeshwa na mtu mwingine. Pale kiwandani hakuna aliyethubutu kumwambia Dada Mkubwa asamehe, kwa kuwa kila aliyeutazama mkono ule alikiri moyoni kwamba kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.