Kodi ya Majengo na Pilau ya Bi Mashavu

Bajeti ya jiji ilipokuwa na pengo, Meya Mkangara alipandisha kodi ya majengo, kisha akaenda na madiwani wake hadi kwa Bi Mashavu, mjane aliyegoma kulipa.

"Mwenye nyumba asipolipa leo, tunafunga mlango!" alifoka.

"Tumbo halingoji bajeti, Mheshimiwa. Kuleni kwanza."

Akamkalisha Meya kwenye kiti cha marehemu mumewe, akampakulia pilau na kumwekea paja la kuku. "Karibu, baba. Hapa ni kwako."

"Ah, mama! Hapa ni kwangu kabisa!" alijibu Meya, mdomo umejaa.

Bi Mashavu akawageukia madiwani. "Mmemsikia?"

"Tumemsikia!" wakagonga meza kama wako kikaoni.

"Basi mdaini. Mwenye nyumba huyo hapo, anakula."