Sekiteke na Mashahidi wa Ng'ambo

Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya Mfungo Tatu, baada ya sala ya alasiri, katika zama za babu wa babu zetu, watu wetu walipoacha kuwa watu wa Zumbe Makange wakawa watu wa Sekiteke bin Shehoza, mbeba magogo, bega la mlima.

Vita vilikwisha Jumatano ng'ambo ya mto. Sekiteke alirudi Ijumaa hiyo kutoka kuwafukuza adui, akakuta ng'ombe wamechinjwa na ngoma ya ushindi inalia. Chifu Zumbe, ambaye hakuuona hata mkuki mmoja wa adui, alikuwa akilamba mafuta vidoleni. Sekiteke akapewa pande la nyama, akalitia kinywani.

"Kaburi la mdogo wangu Mhando liko wapi?" akauliza.

"Bado, bwana we. Kesho," Zumbe akacheka. "Wale thelathini na mmoja waliolala ng'ambo hawana haraka tena."

Akaitema nyama mbele ya miguu ya chifu.

Akavuka mto peke yake, akawafukuza fisi kwa mawe, akawabeba wafu wawili wawili, kila bega mmoja, akipanda nao kilimani na kurudi, maji ya maiti yakimtiririka mgongoni. Kila alipopita karamuni watu waliziba pua.

"We Sekiteke, pita mbali! Unatuharibia mchuzi!"

"Harufu hii ni ya waliokufa ili wewe upate kula."

"Basi waoshwe kwanza!" akafoka Zumbe.

"Shahidi wa vita haoshwi, Zumbe. Kaoshe mikono yako."

Mama yake Sekiteke, Bi Mwanaheri, akaondoka karamuni, akachukua jembe. Wanawake wote wakamfuata, kisha wanaume, vichwa chini. Ngoma ikanyamaza, Zumbe akabaki na masufuria yake.

Wa mwisho alikuwa Mhando. Sekiteke alimleta mikononi, akateremka kaburini kumpokea, akamlaza ubavu wa kuume, akamwelekeza kibla. Wakamnyooshea mkono apande. Hakupanda. Alikuwa amekwisha kufa, amekaa, kichwa cha mdogo wake pajani. Wakawafukia pamoja.

Hawakurudi kwa Zumbe. Walijenga palepale, kuyazunguka makaburi, na mpaka leo hapa kwetu hakuna anayegusa ngoma wala chakula cha ushindi kabla kaburi la mwisho halijafukiwa.

Ewe Mola, uliyewaona wamelala juani nasi tukila, wasamehe, wapanulie makaburi yao, na siku ya kukutana nao utupe uso wa kuwatazama. Amina.