Bi Mize na Jahazi Lililogeuza Mtama Kuwa Dhahabu

Paukwa!

Pakawa.

Ah, hiyo ni pakawa ya mgonjwa wa homa. Mimi nataka pakawa ya mtu aliyekula akashiba. Paukwaaa!

Pakawaaa!

Sasa mmeniamsha hata mimi. Kaeni sawa. Anayetaka kukoroma akakorome kwa jirani.

Hapo zamani za kale, kale ya kale hasa, kulikuwa na kijiji juu ya kisiwa cha mawe. Mawe mbele, mawe nyuma, mawe mpaka chini ya mto wa kulalia. Ukipanda mhogo, unavuna jiwe. Ukipanda mtama, unavuna jiwe dogo. Basi watu wa huko walivua samaki, wakaanika chumvi, na chumvi hiyo ikavushwa bara kwa jahazi, na jahazi likarudi na mtama. Jahazi lenyewe lilikuwa moja tu, jina lake Shibe Yetu. Shibe Yetu likichelewa, matumbo ya kijiji kizima yanaanza kuimba. Yanaimbaje?

Ngruu! Ngruu! Ngruu!

Hapo mmeweza. Inaonyesha hamjala.

Katika kijiji hicho alikuwepo bibi mmoja, Bi Mize. Mfupi, mkavu, shingo imara kama mchi. Kazi yake ilikuwa kuongoza mazishi. Kwingine wanawake hubaki nyumbani. Kwao Bi Mize alitangulia mbele, na hakuna mwanamume aliyethubutu kumwuliza kwa nini. Na jeneza kwao halikugusa chini. Likishatoka mlangoni, limetoka. Linapita bega kwa bega, bega kwa bega, mpaka kaburini. Ukichoka unasema, "Pokea!" Wa nyuma yako anajibu, "Nimepokea!" Bi Mize alikuwa akitembea pembeni, akitazama magoti ya watu. Alijua umechoka kabla wewe mwenyewe hujajua.

Siku moja akatokea mgeni. Ndevu za kijani kwa moshi wa shaba, vidole vya manjano, mfuko mgongoni unaolia kwanga, kwanga. Akajiita Zebaki. Akateleka chungu katikati ya kijiji, akachemsha dawa. Bwata, bwata, bwata! Akatumbukiza ndoana ya shaba. Chwaaa! Akatoa ndoana ya dhahabu.

Watu wakasema, "Lahaula!"

Jumbe Makungu, mkuu wa kijiji, alikuwa mbele kabisa. Tumbo lake lilifika mapema, yeye akafuata baadaye. Akauliza, "Bwana Zebaki, dawa hii unaweza kukipaka kitu kikubwa?"

"Kikubwa kama nini, Jumbe?"

"Kama jahazi."

Zebaki akacheka mpaka ndevu zikatikisika. "Nikilipaka jahazi ndani, chochote kitakachotuliwa humo kitageuka dhahabu. Nusu yenu, nusu yangu."

Sasa, kila mwaka wanakijiji walilipaka jahazi lao mafuta ya papa. Mnaijua harufu ya mafuta ya papa? Ukiyapaka leo, mkeo anakurudia mwezi ujao. Jumbe akapaza sauti, "Jamani! Mwaka huu hatupaki uvundo. Tunapaka utajiri!"

Vifijo, vigelegele. Bi Mize akasimama, akauliza, "Na mtama tutautia wapi?"

"Bi Mize! Mtu mwenye dhahabu anauliza mtama?"

"Ndiyo. Nauliza."

Wakamcheka. Wakamcheka tena kwa zamu. Dawa ikapakwa ndani, kutoka omo mpaka tezi, ikazama katika mbao.

Shibe Yetu likatweka tanga. Chumvi kidogo iliyokuwemo ikafika bara dhahabu tupu. Nahodha Vuai akanunua mtama, akajaza makanda mpaka pomoni, akageuza kurudi. Katikati ya bahari akasikia ndani ya makanda: kri, kri, kri. Akadhani panya. Laiti wangekuwa panya! Jahazi likaanza kuzama, likaenda chini, chini, mpaka maji yakamlamba nahodha kidevu. Mabaharia wakatupa kanda baada ya kanda. Wakaponea chupuchupu.

Kijijini watoto walikimbilia ufukweni na vibakuli. Nahodha akafungua kanda lililosalia, akamimina.

Ting! Ting! Ting!

Mzee mmoja hakuamini, akaitia punje moja meno. Akapoteza jino lake la mwisho, nalo lilikuwa la kuchekea tu.

Wakaparura mbao kwa mawe. Dawa haikutoka, ilikuwa imekwama kama harufu ya kitunguu mkononi. Wakawatumia ujumbe manahodha wa bara: tuleteeni mtama. Manahodha wakasema kisiwa kile kina balaa, hawatii nanga kwao wala hawawauzii chombo hata wapewe nini. Wakamwendea Zebaki. "Iondoe dawa yako!"

Zebaki akasema, "Mimi nimejifunza kugeuza. Kugeuza kurudi nyuma, somo hilo sikuhudhuria."

Ghala likabaki na vumbi. Watoto wakaacha kukimbia. Mtoto akiacha kukimbia, ndugu zanguni, hapo hata mimi mzaha wangu naukunja.

Bi Mize akamwita Nahodha Vuai. "Keti. Nieleze kila kilichogeuka."

"Kila kitu, Bi Mize. Mtama, chumvi, mkeka wangu wa kulalia."

"Mngeutundika mtama kwenye mlingoti?"

"Tulitundika kanda moja. Likageuka, mlingoti nusura uvunjike."

"Na wewe mbona hukugeuka?"

"Mimi napumua, Bi Mize!"

"Kofia yako inapumua?"

Nahodha akashika kofia yake. Ilikuwa ya kitambaa, imetoka uzi, ina jasho la mwaka juzi. Kofia kabisa. "Haikugeuka," akasema polepole. "Lakini haikutoka kichwani. Tumbaku yangu niliitua kidogo tu, ikageuka."

Bi Mize akainuka, akajipangusa vumbi. "Basi. Kinachobebwa na mwenye pumzi hakigeuki. Mwambie Jumbe aite kila mwenye shingo. Tunakwenda kuuchukua mtama, na hatutautua mpaka nyumbani. Tutaubeba kama jeneza."

Weee! Kelele zilizuka hapo! "Chakula tukibebe kama maiti? Uchuro huo!" "Bi Mize anatutakia kifo!" Jumbe akapanda juu ya jiwe. "Mimi nikiwa mkuu hapa, hakuna wali wala uji utakaobebwa kimazishi!"

Bi Mize akamwuliza, "Jumbe, mjukuu wako wa mwisho ana hali gani?"

Jumbe akageukia baharini.

"Nimekuuliza, mwanangu."

"Amelala tu. Hana nguvu ya kulia."

"Basi chagua. Ama tuubebe mtama kama maiti, au tumbebe mjukuu wako."

Jumbe akashuka kwenye jiwe. Akaenda kutafuta ngata ya kuweka kichwani. Hakuwahi kuwa nayo. Akaazima ya mkewe.

Wakavuka. Waume kwa wake, wavuvi, washonaji, hata fundi wa ngoma. Zebaki naye akapanda, kidevu juu, mkono mtupu, akisema anakwenda kuangalia nusu yake. Bara wakanunua mtama, kila mtu kanda lake kichwani isipokuwa wachache wa kupokea, wakaingia jahazini wamesimama. Hakuna kukaa. Hakuna kuegemea. Bi Mize mwenyewe na kanda lake, akipita katikati yao, macho kwenye magoti.

"Pokea!"

"Nimepokea!"

"Pokea!"

"Nimepokea!"

Kanda linapanda kichwa hiki, linashuka kichwa kile. Aliyepumzika anajipiga maji usoni, anarudi. Upepo ulikuwa mwema. Tanga limejaa, pwaa, pwaa, mawimbi yanapiga makofi. Mmoja akasema, "Kumbe rahisi!"

Hakuna neno baya kulisema baharini kuliko hilo. Palepale upepo ukafa.

Tanga likalegea kama shavu la bibi. Bahari ikatulia kama uji uliopoa. Jahazi likasimama. Na wao wakasimama ndani yake, na makanda vichwani. Jua likawachoma. Jua likazama. Likachomoza tena, likawakuta walewale.

"Pokea..."

"Nimepokea..."

Shingo zinaingia mabegani kama za kobe. Fundi wa ngoma analia machozi na bado amebeba. Hapo Zebaki akakohoa. Akaongea kwa sauti tamu, tamu ya halua.

"Jamani, kwa nini mnajitesa? Kila mmoja wenu ana utajiri juu ya kichwa chake. Atue tu. Atue, apumue kidogo, ashuke tajiri. Mtama mtanunua siku nyingine."

Hata maji yalinyamaza yasikie. Na mimi nawaambia kweli, hakuna aliyekuwemo humo ambaye hakupiga hesabu.

Bi Mize akasema, "Siku nyingine watakula akina nani?"

Lakini goti la Jumbe Makungu lilikuwa limekwisha. Bi Mize aliliona, akaanza kumkimbilia, akachelewa. Jumbe akatua.

Kri, kri, kri. KDUM!

Jahazi likalala upande. Maji yakaingia, bwaa! Watu wakateleza, wakashikana viuno, makanda yakayumba, na hakuna aliyelitua lake. Mbele ya Jumbe lilikuwepo kanda la dhahabu linalong'aa, dhahabu ya kumtosha yeye na wajukuu wa wajukuu zake.

Zebaki akapiga kelele, "Umeona? Nusu yangu hiyo!"

"Jumbe," akasema Bi Mize, "lisukume baharini."

"Bi Mize, tazama lilivyo!"

"Nimelitazama. Lisukume, maji yanaingia."

Jumbe akalitazama kanda. Akatazama maji yaliyomfika magotini. Akatazama wale watu na mizigo yao, wanamtazama yeye, mkuu wao, pekee aliyetua. Akalala chali, akaweka miguu yote miwili, akasukuma. Likagoma. Akasukuma huku anaguna kama ng'ombe anayezaa. Zebaki akalikumbatia upande wa pili. Jumbe akasema, "Wewe ukitaka kwenda nalo, nenda!" Akasukuma mara nyingine. Zebaki akaachia. Tumbwi! Jahazi likainuka, likajitikisa, likasimama wima.

Jumbe alikuwa bado anahema pale chini Bi Mize alipomjia. Yule bibi alikuwa amebeba tangu bara bila kupokewa hata mara moja. Akainamisha shingo yake.

"Pokea, Jumbe."

Jumbe akainuka. Machozi yanashindana na jasho. Akasema kwa sauti iliyosikika jahazi zima, "Nimepokea!"

Na watu wote: "Nimepokea! Nimepokea!" Hawakunyamaza tena. Waliimba hilo neno moja mpaka likawa wimbo, fundi wa ngoma akapiga mdundo kwa kisigino. Du, du, nimepokea! Du, du, nimepokea! Upepo ulipojiona umekaa kijinga peke yake, ukarudi. Tanga likajaa, pwaa!

Hawakutua ufukweni. Hawakutua njiani. Walipita moja kwa moja mpaka kwenye vinu, na hapo ndipo mtama ulipogusa kitu kisichopumua, na ukabaki mtama. Jumbe hakumwachia mtu ule uji wa kwanza. Alimnywesha mjukuu wake mwenyewe, kijiko kwa kijiko, na shingo ikiwa imekaa upande kama ya kuku anayesikiliza. Shingo hiyo haikunyooka tena mpaka anakufa. Watoto wakimwuliza imepatwa na nini, anawaambia, "Ndiyo heshima yangu hiyo."

Na Zebaki je? Zebaki alibaki jahazini na vijipande vya dhahabu alivyookota humo sakafuni. Akakaa humo mpaka tumbo likaanza. Likaanzaje?

Ngruu! Ngruu!

Akashuka, akamwendea Bi Mize penye chungu, akanyoosha kiganja chenye dhahabu. "Bibi, niuzie uji."

Bi Mize hakuitazama dhahabu. Alimtazama magoti. Akayaona yana nguvu. Akapakua uji, bakuli likajaa, akampa. "Uji hauuzwi. Kunywa. Tukivuka tena, nafasi yako ni nyuma ya Jumbe."

Zebaki akanywa, na walipovuka tena, nyuma ya yule mkuu mwenye shingo ya upande alisimama mtu mwenye ndevu za kijani, kanda kichwani, analia na kulalamika na kubeba.

Bi Mize alikwenda zake miaka mingi baadaye, akiwa ameshiba. Lakini mpaka leo, katika kijiji kile, mtu akimpokea mwenziwe mzigo husema, "Kwa shingo ya Mize."

Nami wa kuwafunza nini? Hili tu: chakula cha watoto hakina bei wala hakina mahali pa kutuliwa njiani. Ukichoka, sema umechoka, mwenzio akupokee. Usitue.

Hadithi yangu imetia nanga hapo. Aliyeipenda, aichukue. Asiyeipenda, aniletee uji.