Ntumba ya Kumi na Tatu

Kawia ufike ni maneno mawili tu, lakini yana uzito kuliko gunia la ulezi. Maana yake ni kwamba anayechelewa njiani akafika salama ni bora kuliko anayekimbia akaishia shimoni. Watu wa imani huongeza kwamba Mungu naye ana saa yake, na saa hiyo haisogezwi na machozi, wala na wivu wa kumtazama jirani. Silvana, mjane wa Alphonce, alilijua jambo hilo kwa mdomo tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza. Kulijua kwa mikono kulimchukua mwaka mzima.

Shamba lake lilikuwa Malangali, pale nyumba za mji wa Sumbawanga zinapoanza kuachana na mashamba kuanza kushikana. Alphonce alifariki mwezi wa pili, mvua zikiwa zimepamba moto, kwa homa ya mapafu iliyomchukua ndani ya siku tisa. Alimwachia Silvana binti wa miaka sita, Angela, na mama mzazi wa marehemu, Bibi Emerensiana, kikongwe mwenye mgongo uliopinda na ulimi ulionyooka.

Baada ya arobaini ukoo ulikaa kikao. Msemaji alikuwa Ndalahwa, kaka mkubwa wa marehemu. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyetafuta jeneza, na ndiye aliyeingia kaburini kuchimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Ila alikuwa mtu wa haraka, asiyeweza kungoja hata uji upoe, na shamba la mdogo wake lilipakana na la kwake.

"Shemeji," alisema, "wewe kwenu ni Milepa, huko bondeni. Mnalima mpunga, ntumba hamzijui. Na shamba la Ufipa bila ntumba ni uwanja wa mpira. Tunakupa msimu mmoja. Ukivuna ulezi wa kulisha nyumba hii, shamba ni lako na Angela. Ukishindwa, nitaliunganisha na langu, nawe utarudi kwa wazazi wako."

"Na Angela?" Silvana aliuliza.

"Angela ni damu yetu. Atabaki."

Silvana alihisi kama amemwagiwa maji ya asubuhi ya mwezi wa sita. Alimtazama binti yake aliyekuwa akicheza na mbegu za maboga mlangoni, akapiga moyo konde.

Ntumba ni vilima vya mviringo ambavyo Wafipa huvijenga mvua zikiwa bado zinanyesha. Nyasi ndefu hulazwa, zikafunikwa kwa udongo, na juu yake hupandwa maharage. Chini kwa chini nyasi zile huoza taratibu mpaka zinakuwa mbolea. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, ntumba hufumuliwa, udongo ule mweusi husambazwa, na ulezi humwagwa juu yake. Wenzake wote walikuwa wamezijenga mwezi wa pili. Silvana mwezi wa pili alikuwa anauguza, kisha akawa anazika. Alipoinua jembe ilikuwa mwezi wa nne, mvua zikikaribia kuaga na ardhi ikianza kukaza.

Siku ya tatu, mgongo ukimuuma kama umepigwa mwichi, aliona wanawake kumi na mmoja wakija kwa mstari kwenye njia ya ng'ombe. Walikuwa wa jumuiya yao ya sala, ya Mtakatifu Anna. Kila mmoja alibeba jembe lake na viazi vyake vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye khanga, ili mfiwa asihangaike kupika. Hakuna aliyewaita. Walilima mpaka jua likaegemea, wakaacha ntumba zaidi ya mia nne zimesimama shambani kama kundi la kondoo waliolala.

Maharage yalipokomaa, aliyapeleka kwa Hamida, mwenye duka la nafaka mjini. Hamida alipima, akapokea, kisha akaingia stoo na kutoka na pipa dogo la bati lenye mfuniko wa kubana.

"Nasikia umebaki na debe moja la mbegu ya ulezi," alisema.

"Ndiyo, dada. Aliichagua marehemu kwa mkono wake."

"Basi iweke humu. Panya hawajui kwamba wewe ni mjane."

Silvana alibeba pipa lile kichwani mpaka nyumbani, akicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Mvua ya kwanza ilikuja wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, mapema kuliko mtu yeyote alivyotazamia. Ilinyesha siku nne mfululizo. Malangali nzima iliamka na majembe. Ndalahwa alifumua ntumba zake zote kwa siku mbili, akiwa na vibarua sita, akamwaga mbegu yake yote asibakize hata ya kukaanga. Kisha akasimama mpakani, akajifuta jasho.

"Shemeji, unangoja malaika aje akushikie jembe?"

Vibarua walicheka. Silvana aliyameza maneno yale, machungu kama shubiri, lakini hayakushuka. Asubuhi iliyofuata, bila kumwambia mtu, alichota mbegu kwenye bakuli akaenda shambani. Alifumua ntumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alifumua kwa hasira, akimwaga mbegu huku akihesabu kwa sauti, na kila hesabu ilikuwa jibu kwa Ndalahwa. Alipogeuka kuifuata ya kumi na tatu, alimkuta Bibi Emerensiana ameikalia, fimbo yake magotini.

"Mama, nipishe hapo. Nina kazi."

"Na mimi nina kazi. Nimekaa."

"Mvua imeshakuja. Wenzetu wote wamepanda."

"Wenzetu walizijenga mwezi wa pili. Hebu hesabu, wewe uliyesoma. Zao zina miezi mingapi?"

Silvana alihesabu kwa vidole. "Tisa."

"Na zako?"

"Saba."

"Sasa mimba ya miezi saba unaipiga jembe ili uwahi nini?"

Kikongwe aliinama, akatumbukiza mkono ndani ya ntumba mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi ya nyasi. Zilikuwa bado za njano, ngumu, kama zimechomolewa paani. "Nusa," alisema. "Hiyo ni harufu ya nyumba. Ulezi hauli nyumba, mwanangu. Utaota, utakuwa wa manjano, utakufa."

"Na mvua ikikatika kabla hazijaoza? Nitamwambia nini Ndalahwa? Watamchukua Angela, mama."

"Itakatika au haitakatika. Mwenye mvua sikumzaa mimi. Niliyemzaa ni Ndalahwa, na hata huyo hanisikilizi."

Silvana aliangusha jembe, akaketi kwenye ntumba ile ile, bega kwa bega na mkwe wake. Alilia kilio alichokuwa amekibania tangu msibani. Bibi Emerensiana hakumnyamazisha. Alimtoa tope kwenye vidole, kimoja kimoja, kama anavyosafishwa mtoto.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa ndefu kama safari ya kwenda Kipili, huko ziwani, kwa miguu. Ulezi wa majirani uliota, mashamba yakavaa kijani kibichi cha kupendeza, na katikati yake shamba la Silvana likabaki na vilima vyake vya kahawia.

"Mama, shamba letu limelala?" Angela aliuliza.

"Limelala."

"Litaamka lini?"

"Likishiba usingizi."

Alimjibu mtoto hivyo, lakini mwenyewe alikuwa hana hata lepe. Kila alfajiri alipiga magoti kando ya kitanda, akasali sala ile ile, mpaka akaona aibu kuirudia. Jumapili, baada ya ibada, alimngoja katekista Teodori mlangoni mwa kanisa la kigango.

"Shikamoo, katekista."

"Marahaba, Mama Angela. Shamba?"

"Hilo ndilo lililonileta. Mimi nasali, lakini majibu yanashukia kwa majirani."

Teodori alicheka taratibu. "Sala si filimbi ya refa, kwamba ukipuliza kila kitu kinasimama." Kisha akauliza, "Zile ntumba zako, nani alizijenga?"

"Jumuiya."

"Uliwaita?"

"Hapana."

"Na mbegu, iko salama?"

"Iko kwenye pipa la Hamida."

"Ulimwomba pipa?"

Silvana alitikisa kichwa.

"Basi kuna majibu uliyopewa kabla hujauliza. Yaliyobaki yaache yaive."

Alirudi nyumbani na maneno yale, akayatafuna njia nzima. Hayakumpa mvua, ila usiku ule alipata usingizi.

Mvua haikurudi. Wingu lilifagiwa, jua likatoka, upepo wa Ufipa ukaanza kupiga bila kupumzika, na ardhi ikapasuka. Wiki moja, mbili, tatu. Ulezi wa Malangali ulinyauka ungali wa kidole, ukalala chini kama nywele za mgonjwa. Miche ya zile ntumba kumi na mbili nayo ilikufa. Silvana aliipita kila asubuhi na hakumlaumu mtu ila mikono yake. Alipomwona Ndalahwa amechuchumaa katikati ya shamba lake, akichambua vumbi, hakuweza kufurahi. Alimtuma Angela ampelekee maji ya kunywa.

Katikati ya mwezi wa kumi na mbili mawingu yalijikusanya upande wa ziwani, mazito, ya rangi ya sufuria. Bibi Emerensiana alishika fimbo yake.

"Twende tukaone mimba yetu."

Silvana alipiga magoti mbele ya ntumba ya kumi na tatu, akatumbukiza mkono. Juu udongo ulikuwa mkavu, lakini ndani kulikuwa na joto na unyevu. Mvua ile ile iliyodanganya mbegu za wenzake ilikuwa imeingia chini na kukaa humo wiki zote zile, ikiozesha nyasi kimyakimya. Alichotoa hakikuwa nyasi tena. Kilikuwa udongo mweusi, laini, uliojaa minyoo, wenye harufu ya msitu baada ya mvua. Aliutazama kiganjani, na hapo akaelewa. Kama asingekuwa na msiba mwezi wa pili, angejenga ntumba zake mapema. Angefumua mapema pamoja na wenzake, na mbegu ya Alphonce ingeisha yote. Kule kuchelewa alikokulilia ndiko kulikomlinda.

Siku ile ile mvua iliingia, na safari hii ilikuja kukaa. Wanawake wa jumuiya walirudi na majembe yao. Ntumba zilikuwa zinafumuliwa bado, wakati Ndalahwa alipotokea uani, kofia mkononi na ndoo ndogo tupu kwapani. Mji mzima ulikuwa unatafuta mbegu, na hapakuwa na mbegu.

"Shemeji," alisema, akitazama chini, "sijui nianzie wapi."

"Anzia kwenye kiti," Bibi Emerensiana alimwambia mwanawe, akaendelea kuchambua maharage bila kuinua uso.

Silvana alisimama mbele ya pipa. Mbegu iliyobaki ilitosha shamba lake, na ziada ilikuwa kidogo sana. Alikumbuka kicheko cha vibarua. Alikumbuka neno "atabaki". Akakumbuka pia viganja vyenye malengelenge kando ya kaburi. Alifungua mfuniko, akagawa mbegu nusu kwa nusu.

"Mbona nyingi?" Ndalahwa alishtuka. "Na wewe je?"

"Nitamwaga kwa uchache. Ilichaguliwa na mdogo wako, shemeji. Ni yako pia."

Ndalahwa alipokea kwa mikono miwili. Akaondoka na ndoo imefunikwa kwa kofia huku mvua ikimlowesha kichwa.

"Umefanya vizuri," alisema Bibi Emerensiana. "Ulezi haupendi kubanana."

Kweli haukupenda. Ulioachiwa nafasi ulitanua vichwa kama viganja vya mtu anayeomba, na mwezi wa tano ukaanza kuinama kwa uzito. Mwezi wa sita, baridi ikiuma mpaka mifupani, ukoo ulikuja shambani kama ilivyoahidiwa. Waliukuta ulezi umerundikwa, mwingi wa kulisha nyumba ile na kubakiza mbegu. Silvana alisimama pembeni, Angela amemshika khanga kwa nguvu. Wazee walimgeukia Ndalahwa, maana ndiye aliyeweka sharti.

Ndalahwa alivua koti, akalitandaza juu ya mabega ya mama yake. Kisha akamwendea Angela, akachuchumaa.

"Mama yako haendi popote," alimwambia. "Shamba ni lenu. Na ukinikuta nina haraka tena, unikalie, kama bibi yako alivyoikalia ile ntumba."

Wazee walicheka, Bibi Emerensiana akacheka kuliko wote. Silvana hakucheka wala kulia. Alitamka asante moja, kwa sauti ndogo, na haikuwa ya Ndalahwa wala ya wazee.

Ndalahwa alisimama, akautazama ulezi wa shemeji yake na ule wa kwake uliotokana na mbegu ile ile. "Wazee wangu," alisema, "mimi nilitangulia, nikaishia njiani. Huyu alikawia, na mkono wa Mungu ukamfikisha, mpaka na mimi akanivuta nikafika. Waliosema walisema kweli: kawia ufike."