Kigoda cha Mkwe na Mwaka Kuku Walipovua Manyoya

Kuku hawakuwa wakinyonyoka manyoya kabla ya ule mwaka wa baridi kali katika mji wa Mwaijande, mlimani. Kuku alipewa vazi moja akiwa tembe, akazeeka nalo. Alitaga masika, akataga kiangazi, akataga hata mwezi wa sita ukungu unaposhuka na majani ya migomba kuungua kwa baridi. Hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu hakuna aliyejua namna nyingine.

Mwaijande alikuwa na wake wawili. Mkubwa ni Atuganile, mdogo Subilaga. Kila mmoja alikuwa na jiko lake na kuku wake. Katikati ya majiko hayo ilikuwepo nyumba ya mama yake Mwaijande, Bibi Ngwisa, ambaye hakuwa na jino hata moja na kila asubuhi alikula yai moja la kuchemsha. Desturi ya mji ilikuwa hii: mke ambaye kuku wake ametaga wa kwanza siku hiyo ndiye anayepeleka yai, na anayepeleka yai ndiye anayekalia kigoda kilicho karibu na moto wa mkwe. Mwenzake akija, husalimia kwa kupiga magoti mlangoni na kwenda zake. Yaliyosemwa penye kigoda ndiyo yaliyofanyika mjini: shamba gani lilimwe kwanza, mtoto gani apewe jina la nani.

Atuganile alikalia kigoda hicho miaka tisa.

Subilaga alipoolewa alikuja na kuku sita weupe kutoka kwao. Kufika mwezi wa tano, weupe hao walikuwa wakitaga kabla jogoo hajamaliza kuwika. Atuganile alisimama kwenye mlango wa jiko lake, yai lake mkononi likiwa bado na joto, akamwona mwenzake anatoka kwa mkwe na bakuli tupu. Siku ya kwanza alisema ni bahati. Siku ya kumi alilila yai mwenyewe, amesimama, bila chumvi.

"Dada, mbona siku hizi hupiti kwa mama?" Subilaga alimuuliza kisimani.

"Napita. Wewe huoni, una mengi ya kutazama."

Hakumchukia mwenzake kwa sura wala kwa maneno. Alichokiona akiwa usingizini na akiwa macho ni yale manyoya. Yalikuwa mazito, meupe, yamelala vizuri mgongoni. Aliwatazama kuku wake wanane, wa madoa na wa kijivu, akawaona kama vitambaa vya kushikia sufuria. Akaamua kwamba siri ya kutaga mapema iko katika vazi. Kuku mwenye joto hutaga. Mwenye baridi huchelewa.

Siku moja ya mwezi wa sita, Subilaga alikwenda bondeni kuchimba viazi. Jua lilikuwa limetoka. Atuganile aliingia bandani kwa mwenzake, akawakamata wale weupe mmoja mmoja, akawanyonyoa shingo, mgongo na mabawa. Alidhamiria kunyonyoa kidogo tu, ila hakuona pa kuishia. Manyoya aliyatupa shimoni nyuma ya migomba, akafunika kwa takataka.

Subilaga aliporudi aliwakuta kuku wamejibana pembeni, ngozi zimevimba vipele vya baridi.

"Dada! Kicheche ameingia kwangu!"

"Pole, mdogo wangu. Baridi huwaleta."

"Kicheche gani huyu anayenyonyoa na kuacha nyama?"

Atuganile alisema hajui, akaendelea kupepeta ulezi.

Subilaga hakulia. Aliwaingiza kuku jikoni, akawatandikia majani makavu ya mgomba karibu na mafiga na kuwawekea jivu la kuogea. Maji aliwapa ya uvuguvugu. Chakula aliwapa dagaa, kumbikumbi wakavu aliokuwa amewaweka kwa ajili ya wageni, na mboga. Hakuwashika bila sababu, maana kila unyoya mchanga ulipoguswa kuku alipiga kelele. Alipoutazama mmoja aliona ndani yake kuna damu.

Wale weupe hawakutaga. Atuganile alirudi kwenye kigoda. Alikikalia siku arobaini na mbili, na siku hizo zote alikuwa mchangamfu mpaka Mwaijande akamuuliza kama ana habari njema.

Siku ya arobaini na tatu, Subilaga alifungua mlango wa jiko na kuku sita wakatoka uwanjani. Vazi lilikuwa jipya lote, zito kuliko la kwanza. Asubuhi iliyofuata wanne walitaga. Bibi Ngwisa aliomba aletewe mmoja, akamweka mapajani na kumpapasa.

"Mwanangu," alimwambia Subilaga, "kama kuna dawa ya namna hii, nipake na mimi."

Atuganile aliyasikia hayo akiwa amepiga magoti mlangoni. Alirudi kwake. Uzuri ule ulikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe, na sifa zilikwenda kwa mwingine. "Kumbe ni kunyonyoa tu," alisema. Mchana huo huo aliwanyonyoa kuku wake wote wanane, na kwa kuwa alitaka wampite mwenzake, hakubakiza hata unyoya wa mkia. Akawarudisha kwenye banda lao la nje, linalopitisha upepo, akawamwagia mahindi kama siku zote.

Asubuhi ya pili walikufa wawili. Asubuhi ya nne walikuwa wamekufa watano. Waliobaki ni watatu, mmoja wao Mabaka, kuku mzee ambaye Atuganile alipewa na mama yake siku ya kuolewa. Mabaka alikuwa amelala ubavu, kope zimefumba nusu.

Atuganile aliwafunga wote watatu katika kanga yake, akavuka uwanja. Alisimama mlangoni kwa Subilaga.

"Nisaidie," alisema.

Subilaga alitazama ndani ya kanga. "Kwa hiyo kicheche ni wewe, dada."

"Ndiyo mimi."

"Sema kwa sauti. Mama asikie."

Akasema kwa sauti. Bibi Ngwisa alitoka na fimbo yake, akasimama kati yao. Subilaga akapokea kanga. "Walete motoni. Hao hawajanikosea."

Mabaka alikaa penye mafiga siku sita kabla ya kunyanyua shingo. Siku hizo kuku wazee bado walisema na watu, ingawa hawakuwa na mengi ya kusema. Mabaka alizungumza mbele ya wake wote wawili na mkwe wao.

"Mkono wa mtu hatuuamini tena," alisema. "Kuanzia mwaka ujao, baridi ikikaribia tutavua wenyewe, tukianzia shingoni, kidogo kidogo. Msitushike, manyoya machanga yanauma. Na yai msituulize. Mwili huu mmoja hauwezi kushona nguo na kutaga kwa wakati mmoja."

"Na mimi nitakula nini?" Bibi Ngwisa aliuliza.

"Uji, mama," alisema Mabaka. Hakusema tena na mtu.

Bibi Ngwisa alikula uji. Kigoda alikiegemeza ukutani. "Kitakaa hivyo mpaka kuku wavae," alisema. Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, manyoya ya kuku wote wa mji ule yalianza kuanguka yenyewe, na kuku wa miji ya jirani wakafuata.

Na tangu siku hiyo, baridi ikishuka mlimani, kuku huvua manyoya na kuacha kutaga. Huingizwa jikoni, hupewa dagaa na jivu, na hakuna anayewashika ovyo. Kigoda cha mkwe husimama ukutani. Mke akifagia manyoya mlangoni kwake, hutazama kwanza mlangoni kwa mwenzake, aone kama ya kule ni mengi zaidi.