Dole la Bi Nanzia

Hapo zamani, na si zamani ya mababu, ni zamani ya juzijuzi, ambayo majivu yake ukiyachokoa bado yanaunguza, palikuwa na mama mmoja huko milimani kwenye mashamba ya tangawizi. Jina lake Bi Nanzia. Alikuwa na nyumba ya bati, shamba moja lenye mfereji wake, na watoto watatu. Elisifa, mwanamume, wa kwanza. Namkunda, mwanamke, wa katikati. Kiondo, mwanamume, wa mwisho.

Mumewe alipofariki, Bi Nanzia alikwenda ofisi ya kijiji akiwa na akili zake zote na ulimi wake wote.

"Andikeni," akasema. "Nyumba na shamba langu havigawanywi. Mkivikata vipande vitatu, kila mmoja atauza chake na mimi nitabaki nje na sufuria. Atachukua mmoja. Atachukua mtoto aliyenitunza."

Mzee Kajiru, mwenyekiti wa kijiji, akaandika kwenye daftari: mtoto aliyenitunza. Jina hakuuliza. Aulize ya nini? Mtu anayemtunza mama yake si anaonekana? Ndivyo alivyofikiri Mzee Kajiru. Akafunga daftari, wino ukakauka.

Kisha sahau ikaingia ndani ya nyumba ile. Ilianza na chumvi: mboga moja inatiwa chumvi mara tatu. Ikaja kwenye njia: Bi Nanzia anatoka kwenda kwa jirani, anaokotwa bondeni. Ikaja kwenye majina. Mwisho kila asubuhi alikuwa anashuka shambani kumngoja mumewe, mume ambaye kaburi lake aliliruka njiani akishuka.

Miaka ikapita. Wakaja wapima ardhi kutoka wilayani kugawa hati za kimila. Kila shamba hati moja, kila hati jina. Shamba lisilo na jina linaandikwa lina mgogoro, na lenye mgogoro linarudi upya kwenye baraza la ardhi. Walikaa kijijini siku tatu. Nyumba ya Bi Nanzia waliifikia siku ya tatu, mawingu yakiwa yameshuka hadi kwenye migomba na dereva wao akipiga honi kule barabarani. Njia ile ikinyeshewa, gari halishuki.

Namkunda alikuwa ameshafagia uwanja mara mbili. Alifagia mara ya tatu. Alimvisha mama gauni la bluu, akamkalisha kwenye kiti cha mgongo, akaingia chumbani akatoka, akaingia tena. Kulikuwa na kipande cha kanga kwenye mguu wa kitanda. Alikifungua, akakisokota, akakisukuma chini ya godoro. 

"Dada, kaa chini basi," Kiondo akamwambia. "Unatutia kizunguzungu."

"Wewe ukae. Mimi nikikaa uji nani atauangalia?"

Karani wa wapima ardhi, kijana mwembamba mwenye mafaili kifuani, akafungua karatasi yake. "Mzee Mwenyekiti, hapa naandika nani?"

Mzee Kajiru akasoma daftari lake. Akalisoma tena. Akakohoa. "Mtoto aliyenitunza," akasema. "Haya. Aliyemtunza asimame."

Wakasimama wote watatu, hata Elisifa aliyefika asubuhi ile kutoka Tanga.

Majirani walikuwa wamejaa uwanjani, na ukutani kando alikuwa ameketi baba yao mdogo, Mzee Sekiete, aliyelidai shamba lile miaka mingi kuwa ni la marehemu kaka yake, kwa hiyo ni lake. Akacheka hadi fimbo ikamponyoka. Shamba likikosa jina, barazani atakuwa wa kwanza kufika.

"Semeni mmoja mmoja," akasema Mzee Kajiru. "Na kwa kifupi. Mvua hiyo."

Akasema Elisifa, wa kwanza: "Mimi ni fundi wa mitambo kiwanda cha mkonge, Tanga. Tangu mama aanze kuugua, dawa zake ni mimi, sabuni ni mimi, bati hili mnalokaa chini yake ni mimi. Alipovunjika nyonga, daktari alisema apasuliwe au asitembee tena. Niliuza kiwanja changu. Wanangu walikuwa wanangoja nyumba pale, mpaka leo tumepanga chumba na sebule. Mama anatembea. Anatembea kwa kiwanja changu! Kama huko si kumtunza, niambieni kutunza ni nini."

Watu wakasema, kweli.

Akasema Kiondo, wa mwisho: "Mimi nilikuwa mwalimu wa kujitolea, nangoja ajira. Huyu baba mdogo anayecheka hapo alipofungua kesi, nani aliteremka? Baraza la kata ni mimi. Baraza la wilaya ni mimi. Safari kumi na tisa, nyingine kwa miguu. Wenzangu wakaajiriwa mimi nikiwa kwenye benchi la baraza na faili mapajani. Tukashinda. Kaka, dawa zako ungezipeleka wapi? Dada, ungemwogesha mama wapi? Chini ya mgomba wa nani? Paa lina bati la kaka, lakini chini ya bati kuna ardhi, na ardhi niliirudisha mimi."

Watu wakasema, kweli tena.

Ikaja zamu ya Namkunda. Alikuwa ameshika mwiko, akaona ameshika mwiko, akauweka chini.

"Mimi sina risiti," akasema. "Sina hukumu ya baraza. Miaka tisa namwamsha, namwogesha, namlisha, namgeuza. Nilikuwa na cherehani mjini na mwanamume aliyetaka kunioa. Mkasema, Namkunda nenda wewe, wewe huna familia. Nilipokuwa naitafuta hiyo familia ndipo mliponiita! Ananitemea uji, naupangusa. Ananiita jina la marehemu dada yake, naitika. Nyie mlimtunza mkiwa mbali naye. Mimi nilimtunza nikiwa ndani ya harufu."

 Wanawake wawili wakatazama chini.

Lakini wasikilizaji, kuna neno Namkunda hakulisema. Siku za kuchimba tangawizi, na siku za kufuata dawa kituoni, alikuwa anamfunga mama. Mkono kwa mkono, kisha kwenye mguu wa kitanda, kwa kile kipande cha kanga. Si kwa chuki. Bondeni kuna maji, jikoni kuna moto, na yeye ni mmoja. Na siku ile ya nyonga, mama hakuteleza mlangoni kama walivyoambiwa ndugu zake. Alikuwa anajivuta ajifungue, akaanguka na kitanda. Kiwanja cha Elisifa kiliuzwa kwa fundo alilolifunga Namkunda. Elisifa hakujua. Hakuna aliyejua ila wawili, na mmoja wao alikuwa amesahau.

Ndivyo alivyodhani Namkunda.

Karani akatazama saa. "Wazee, mimi sihukumu. Mwenye shamba yupo, atie dole gumba, nami nitaandika jina litakalokubaliwa. Ila mkono wake unatetemeka. Kuna mtu aushike."

"Hapo pagumu," akasema Mzee Kajiru. "Hapa kijijini anayeushika mkono wa mgonjwa haandikwi kwenye karatasi hiyo. Kuna mtu alimshika mjomba wake mkono akiwa anakata roho, akajipa mashamba manne. Tangu hapo tukaweka sheria."

"Basi dada ashike," akasema Elisifa. "Ndiye aliyemzoea."

"Ah! Sasa ndiyo nimemzoea?" akasema Namkunda. "Shika wewe, uliyelipia nyonga yake."

"Kiondo ashike."

"Mimi? Safari kumi na tisa, halafu nishike?"

Honi ikalia barabarani. Tone la kwanza likagonga bati.

"Nyamazeni!" akasema Mzee Kajiru. "Wino bado. Kila mmoja amsogelee mama yake amshike mkono, tuone mkono unamkubali nani. Ya sheria tutayajua baadaye."

Akaenda Elisifa. Akapiga goti, akaushika mkono wa mama. Bi Nanzia akamtazama kwa adabu kubwa, kisha akauvuta mkono wake taratibu, akauficha chini ya mtandio.

"Karibu baba," akasema. "Umetoka mbali? Kiti hicho hapo. Mwanangu Elisifa hayupo, yuko Tanga. Atakuja Krismasi."

"Mama, ni mimi Elisifa."

"Hayupo, baba. Krismasi."

"Krismasi ya mwaka gani, shemeji?" Mzee Sekiete akauliza kutoka ukutani.

Elisifa hakuinuka upesi. Miaka sita nyuma alikuja, mama akamwita mgeni, akampa kiti kilekile. Aliondoka na gari la alfajiri, na tangu hapo alituma kila kitu ila yeye mwenyewe.

Akaenda Kiondo. Akaushika mkono wa mama. Bi Nanzia akanyooka kitini kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi, akatoa macho, akaanza kusema bila kupumua:

"Naitwa Nanzia binti Mbonea. Nina akili timamu. Shamba nilipewa na mume wangu mbele ya mashahidi. Mpaka juu ni mfereji, mpaka chini ni mtomoko. Naitwa Nanzia binti Mbonea. Nina akili timamu." Akamtazama Kiondo. "Nimesema vizuri, mheshimiwa? Nirudi nyumbani? Nitasema tena, msinipeleke kule."

Mzee Sekiete akaruka kutoka ukutani. "Mmesikia! Nilishindwa na kasuku! Alimkaririsha mgonjwa!"

"Wiki mbili nilimkaririsha," akasema Kiondo, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Alikuwa analia, nami namwanzisha upya. Lakini shamba ni lake ama si lake? Ni lake! Ukweli ulikuwa wake. Maneno tu ndiyo yaliyokuwa yangu."

Ikabaki zamu moja. Namkunda alitamani mvua imwagike yote kwa mara moja watu wakimbie. Haikumwagika. Akasogea. Akapiga goti.

Na mkono wa Bi Nanzia ukaacha kutetemeka. Watu wote waliona. Mama akatabasamu, uso wake ukafunguka, mkono wa pili nao ukatoka chini ya mtandio. Akaiweka mikono yake pamoja, kiganja kwa kiganja, akamnyooshea binti yake.

"Haya, mwanangu," akasema. "Ila leo usikaze sana."

Majirani wakaguna.

Elisifa alikuwa fundi, alizoea kutazama kitu kilichovunjika na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Akaitazama mikono. Akautazama mlango wa chumbani. "Namkunda," akasema. "Nyonga ya mama."

"Hakuteleza," akasema Namkunda. "Nilimfunga kitandani nikaenda kuchimba tangawizi. Alijivuta akaanguka na kitanda."

"Nimeuza kiwanja changu!"

"Najua."

"Wanangu wanalala sebuleni kwa sababu yako!"

"Najua, kaka! Kila siku najua! Nimfunge au aungue? Nimfunge au azame? Niambie wewe uliyekuwa unangojwa Krismasi!" Akawageukia majirani, na sasa hasira ilikuwa imemkausha machozi. "Na ninyi mnaoguna. Wazee wa baraza sita, akina mama wa kwaya kumi na wawili, leo mmejaa uwanja mzima kuangalia nani atapata shamba. Katika miaka tisa, nani alikuja hapa akasema, Namkunda, leo nenda kachimbe, mimi nitakaa naye hadi mchana? Nani? Ataje siku, nitamwachia shamba!"

Hakuna aliyetaja siku.

Bi Nanzia alikuwa bado ameinyoosha mikono yake, anangoja, mvumilivu.

Karani akafungua pedi ya wino, maana honi sasa ilikuwa hainyamazi. "Mkono umemkubali mmoja," akasema. "Ashike tumalize."

"Nikishika siandikwi," akasema Namkunda. "Nisiposhika, haandikwi mtu, na huyu baba mdogo anaanza kesi upya, na mama anapelekwa tena barazani anakokuogopa."

Mzee Kajiru akavua kofia yake. "Sheria ya mkono tuliiweka sisi," akasema, "na sisi tunaiondoa leo hii. Kosa langu ni kubwa kuliko la wote, sikuuliza jina. Lakini anayeandikwa apate na nyumba na mwenye nyumba. Kesho asubuhi mama huyu ataamka, na anayemwamsha ni huyo mwenye jina."

Elisifa akatazama barabarani. Kiondo akatazama faili lake. Namkunda akaitenganisha mikono ya mama yake polepole, kama mtu anayefungua fundo, akaushika wa kulia, akalibonyeza dole gumba kwenye wino. Dole likawa jeusi. Akaliinua juu ya karatasi. Nafasi ya jina ilikuwa nyeupe, na tone la mvua lilikuwa limeshaanguka pembeni yake.

Mkono uko hewani, wasikilizaji, na gari linaondoka. Kuna aliyelipa asionekane. Kuna aliyepigania, akamgeuza mama yake kasuku. Kuna aliyebaki, akafunga. Msiniambie wote, maana nafasi ni ya jina moja, wala msiniambie hakuna, maana kesho mama ataamka. Je, nani alistahili?