Ngiri Aonja Mvinyo Mbele ya Mkwe

Paukwa!

Pakawa!

Watoto, sogeeni. Wakubwa, wekeni glasi chini, hii ni yenu pia. Mimi nimekula hoteli za nchi nyingi, tumbo hili ni shahidi.

Hapo kale alikuwapo Ngiri. Ngiri alimpenda binti wa Mzee Nungunungu. Alimpenda, akampenda, hata usingizi ukampaa. Basi akamwalika Mzee hotelini kwa Korongo, hoteli ya vitambaa vyeupe mezani, wazungumze posa.

Korongo akaja, shingo juu, taulo bawani. Tap, tap, tap.

"Mheshimiwa, mvinyo? Tuna wa bondeni, tuna wa mlimani, tuna na wa ng'ambo, uliolala pangoni miaka na miaka."

"Upi mzuri?" akauliza Ngiri.

"Mzuri ni wa ng'ambo, ndio wa ghali. Una harufu ya karafuu, na ya tandiko la farasi, na ya mvua iliyonyesha mbali."

Ngiri hakuelewa hata neno. Akakunja uso kama mjuzi. "Huo huo!"

Chupa ikaja, vumbi tele. Po! Kizibo kikatoka. Korongo akammiminia Ngiri tone tu, akasimama akingoja.

Sasa, kwao ilikuwa desturi: mwenye kukaribisha huonja kwanza. Akimwambia mgeni "kunywa," amekula kiapo kwamba kinywaji ni kizuri.

Ngiri akanusa. Siki! Akaonja. Siki tupu! Machozi yakamlengalenga. Akamtazama Korongo. Korongo akamtazama kutoka juu, juu kabisa.

"Mtamu," akasema Ngiri. "Kunywa, Baba."

Mzee akanywa. Ptuu! Miiba ikamsimama, shwaa!

"Kijana! Umeonja?"

"Nimeonja, Baba."

"Ukaniambia mtamu?"

"Nikakuambia, Baba."

"Na binti yangu akiugua kwako, utaniambia mzima?" Mzee akainuka, akachukua fimbo yake.

Ngiri akapiga magoti. "Baba, ni siki! Nilijua tangu kunusa. Nimemwogopa huyu ndege na taulo lake!"

"Basi mwambie yeye."

Ngiri akageuka. Meno marefu, sauti ndogo. "Korongo, huu umechacha. Urudishe, siulipii. Nyie jikoni mnakunywa upi?"

"Sisi?" Shingo ya Korongo ikashuka. "Wa bondeni. Wa bei rahisi."

"Lete huo."

Ukaja kwa jagi. Ngiri akaonja, akafikiri. "Mkali kidogo, Baba. Lakini haujaharibika."

Mzee akanywa. Gulu, gulu, gulu. "Kweli, mkali kidogo." Akaketi, fimbo akailaza chini ya meza. "Haya, mwanangu. Na binti yangu anakoroma. Ujue kabisa."

Basi wenzangu, bei haigeuzi siki kuwa mvinyo. Ukionja kibaya, sema ni kibaya, hata mhudumu awe na shingo ndefu namna gani.

Ngano yangu imekomea hapo. Aliyebaki na kiu ni mimi.